Ngoma Inayomfuata Simba

Kikombe cha Kalista kilianguka chenyewe mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu kikavunjika.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 1998, mjini Guangzhou, China. Kalista Kimaro, muuza nguo kutoka Moshi, alikuwa amepanga chumba cha juu kabisa katika jengo la zamani pale Sanyuanli, chumba chenye sakafu ya mbao na dirisha lisilofungika vizuri. Alikuja kwa siku kumi tu. Lakini kiwanda kilichomshonea suruali za jinzi kilikuwa kimeweka zipu za watoto kwenye suruali za watu wazima, mzigo mzima, na kazi ya kufumua na kushona upya ilihitaji wiki tano. Basi akabaki kusubiri. Na kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, sakafu ilianza kutetemeka chini ya kitanda chake. Du! Kimya. Du, du! Kimya tena. Hakuna sauti ya mtu, hakuna kicheko, hakuna wimbo. Mtetemo tu, kama kuna mnyama mkubwa anayejigeuza huko chini.

Siku kikombe kilipovunjika alijifunga khanga juu ya gauni la kulalia, akavaa ndala, akagonga mlango wa jirani yake Haidar. Haidar alikuwa kijana wa Unguja aliyefanya kazi katika ofisi ya mizigo hapo mtaani. Kabla ya hapo alikaa Hong Kong miaka minne, kwa hiyo lugha ya watu wa Guangzhou ilimtoka kama amezaliwa nayo.

"Twende ukanitafsirie," Kalista alimwambia. "Leo nawaambia ukweli wao."

"Dada Kalista, hebu subiri kwanza. Kuna jambo hulijui."

"Nisubiri nini? Wiki nzima silali!"

Alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi. Mlango wa ghorofa ya kati ulikuwa wazi. Kalista akaingia na maneno yake mdomoni, tayari.

Mbele yake kulikuwa na ukumbi mrefu kama kanisa. Watu ishirini na sita, wanaume kwa wanawake, walisimama peku kwa mistari, kila mmoja juu ya msumari mdogo wa shaba uliogongomelewa kwenye ubao wa sakafu kumwonyesha mahali pake. Mbele yao alisimama bibi mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanamume. Bibi yule alipiga mguu wa kulia sakafuni mara moja. Watu wote ishirini na sita wakageuka, wakashuka, wakarusha ngumi, kwa pamoja kabisa, kama shati moja linalopeperushwa na upepo mmoja.

"Samahani!" Kalista alisema kwa sauti.

Hakuna aliyegeuka.

"Samahani jamani! Halo!"

Hakuna hata aliyepepesa jicho. Bibi peke yake alimtazama. Akaenda taratibu ukutani, akavuta kamba, taa ikawaka na kuzimika mara tatu. Hapo ndipo wote waliposimama na kumgeukia yule mama mnene mweusi aliyesimama mlangoni na khanga yake.

Haidar alimfikia akihema. "Ndiyo nilitaka kukwambia," alinong'ona. "Hawasikii. Wote hawa ni viziwi. Anayesikia ni mwalimu peke yake."

Kalista aliwatazama tena, akaitazama ile mistari iliyonyooka na miguu iliyotua pamoja bila amri ya mdomo. Kumbe ule mtetemo uliomtoa usingizini wiki nzima ulikuwa sauti ya mwalimu. Wanafunzi wake walikuwa wanaisikia kwa nyayo.

Haidar aliinama, akasema na yule bibi kwa heshima. Kila sentensi aliianza kwa neno moja: *sifu*.

"Mbona unamwambia asifu?" Kalista aliuliza. "Asifu nini?"

Haidar akacheka. "Sifu kwa lugha yao ndiyo mwalimu, dada. Anaitwa Sifu Leung."

Bibi Leung aliuliza jambo. Haidar akatafsiri: "Anasema alisikia kitu kikivunjika kule juu. Anataka kujua ni kikombe au bakuli."

"Kikombe," Kalista alijibu kwa sauti ndogo.

Bibi akafungua kabati, akamletea kikombe cha bati chenye mfuniko, akampa kwa mikono miwili. Kisha akasema neno jingine, akaelekeza kidole nyuma ya ukumbi.

"Anasema kwa kuwa umeshaamka," Haidar alisema, "ukasimame kule mwisho wa mstari."

Kalista alikuwa na miaka thelathini na sita. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka tisa kabla mshahara haujamshinda akaingia kwenye biashara. Alijua mwalimu akisema neno kwa namna ile, mtu anakwenda. Akavua ndala, akaenda.

Tangu siku ile alishuka kila alfajiri. Wiki ya kwanza hakufundishwa kitu chochote isipokuwa kusimama: miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, mgongo wima, kama mtu aliyepanda farasi asiyeonekana. Mapaja yalimwaka moto. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye visigino. Pembeni yake alisimama Siu Ling, binti wa miaka ishirini na tatu aliyeshona vifungo kiwandani, na ambaye jioni alikuwa mpiga ngoma wa shule. Siu Ling alipoona Kalista anataka kuinuka, alimgusa bega kwa kidole kimoja tu. Kalista alibaki chini. Baada ya siku chache wawili hawa wakawa wanaongea kwa mikono na nyusi: watoto wangapi, mume yuko wapi, kwenu kuna baridi? Siku moja Kalista alitaka kumweleza kuhusu mlima wa kwao wenye theluji kileleni. Alichora pembetatu kubwa hewani, akatetemeka kwa baridi, kisha akajipepea kwa joto chini yake. Siu Ling alicheka mpaka akakaa chini, akawaeleza wenzake wote.

Kwa mwalimu wa zamani, shule ile ilikuwa ajabu isiyoisha. Hakukuwa na ubao wala kengele. Bibi Leung alimjua kila mwanafunzi kwa uzito wa mguu wake. Aliweza kusimama akiwapa mgongo, halafu akageuka na kumwendea moja kwa moja aliyechelewa nusu ya pumzi. Aliyechelewa kufika aliosha ngazi zote, hata kama alikuwa baba wa watoto watatu. Asiyekuwa na ada alifagia, au alisaga mizizi ya dawa ya kuchua ambayo Bibi aliiuza kwa watu wenye viungo vilivyoteguka, na kwa dawa hiyo ukumbi ukalipiwa pango. Wengi walikuwa wabeba mizigo wa soko la jumla la Zhanxi, wale wanaosukuma mikokoteni ya viatu na nguo kutwa nzima. Walikuja kabla ya kazi, wakasimama juu ya misumari yao, na Kalista aliona jinsi mabega yao yalivyobadilika wakikanyaga pale. Mtu aliingia ameinama, akatoka amenyooka.

"Muulize kwa nini viziwi," alimwambia Haidar siku moja walipokuwa wakinywa chai baada ya mazoezi.

Bibi Leung alijibu polepole huku akifunga vifundo vya dawa kwenye vitambaa.

"Anasema mwaka themanini na moja alikuwa na jirani kiziwi, mbeba mizigo pale stesheni," Haidar alitafsiri. "Mtu akaibiwa begi. Watu wakapiga kelele, simama, simama! Yule jirani akaendelea kutembea, atasikiaje? Wakamvamia kwa nyuma. Walipomaliza kumpiga ndipo wakagundua hana begi na hana masikio." Haidar akasikiliza tena. "Anasema baba yake alimfundisha mikono na miguu toka utotoni, na yeye alikuwa hajui amefundishwa kwa kazi gani. Usiku ule akiwa anamfunga yule mtu mbavu, akajua."

"Yule jirani alipona?"

Bibi Leung alielewa swali bila kutafsiriwa. Akanyoosha kidole kwa mzee mmoja mwenye kipara aliyekuwa anafagia kona ya mbali, akifagia kwa utulivu, mgongo wima kama mlingoti.

Kalista hakuweza kuimaliza chai yake.

Wiki ya nne alikuja mgeni. Alikuwa tajiri aliyeitwa Tam, ambaye watu wote mtaani walimwita laoban, yaani bosi. Alikuwa amejenga jengo jipya la maduka ya jumla karibu na njia ya kwenda Zhanxi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kulifungua. Karani wake alikuwa ameikodi shule ya Bibi Leung ije icheze simba, kama desturi ilivyo, ili biashara ipate baraka. Simba mwenyewe alikuwa wa kitambaa chekundu na manyoya meupe, mwenye kioo kwenye paji la uso. Wachezaji ni wawili: mmoja mbele anashika kichwa, mwingine nyuma ameinama chini ya kitambaa, kashika mkanda wa mwenzake. Tam alikuja kuangalia mazoezi, akakuta ukumbi mzima unaongea kwa vidole.

Alibadilika uso. Haidar alimtafsiria Kalista kwa kunong'ona.

"Anasema hakuambiwa. Anasema simba kiziwi ni mkosi. Watacheza vipi na ngoma hawaisikii? Atadhalilika mbele ya wateja wake."

"Na Sifu anasemaje?"

"Anamwambia aje Jumamosi atazame."

Tam alizidi kupaza sauti. Vikundi vingine vyote vilikuwa vimeshakodiwa, na tarehe ilikuwa imeshachaguliwa kwa nyota, haiwezi kusogezwa. Mwishoni akashusha sharti moja: simba wawe hao, sawa, lakini ngoma apige mtu anayesikia. Ataleta wake.

Bibi Leung alikuwa mfupi kuliko mabega ya yule tajiri. Alimtazama kwa upole, akasema maneno machache.

"Ngoma ni ya Siu Ling," Haidar alitafsiri. Tajiri akaondoka bila kuaga.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Uwanja mbele ya jengo ulikuwa wa saruji, unang'aa maji. Kalista alisimama karibu na ngoma. Ukumbini kulikuwa na sakafu ya mbao. Hapa kuna saruji ngumu, haipitishi kitu, na spika mbili kubwa zinapiga muziki wa redio. Watasikia kwa kitu gani leo? Mamia ya watu walikuwa wamejaa, wachuuzi, madereva, Waafrika kumi na kitu waliokuja kununua bidhaa. Tam alikuwa jukwaani na suti yake, uso umemkunjamana.

Meza tatu zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, na juu zaidi, kwenye mwanzi uliotokeza dirishani, lilining'inia bunda la saladi mbichi. Simba alitakiwa apande meza zile, aile ile mboga, aiteme kwa watu, na hapo jengo litakuwa limefunguliwa.

Siu Ling aliinua fimbo zake. Akapiga.

Muziki wa redio ukazimwa. Simba akaamka. Kichwa kilikuwa mikononi mwa Keung, mbeba mizigo wa miaka thelathini, na nyuma alikuwa mdogo wake. Simba alijinyoosha, akajikuna sikio, akanusa viatu vya watu. Kila alipopepesa jicho ngoma ilipepesa naye. Aliporuka ilinguruma. Mtoto mmoja alipomvuta mkia, simba akageuka ghafla, na ngoma ikageuka ghafla vilevile. Watu wakaanza kusogea mbele. Maputo yakapasuliwa kwa mpigo, kwa kuwa fataki zilikuwa marufuku mjini, na kila mtu akashtuka isipokuwa simba.

Akapanda meza ya kwanza. Ya pili. Akafika ya tatu, akasimama kwa miguu ya nyuma, mdomo umekaribia mboga.

Hapo mkokoteni uliosheheni marobota ukateleza kwenye mteremko wa uwanja. Mwenye nao alipiga kelele. Watu wote wakapiga kelele. Kelele zote zile hazikuwa na faida yoyote kwa vijana wawili waliokuwa juu. Mkokoteni uligonga mguu wa meza ya chini, meza ikasukumwa, mnara wote ukaanza kulala upande.

Kalista hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka tu bega lake likiwa chini ya ukingo wa meza, magoti yamekunjwa, miguu imepanuka juu ya saruji iliyolowa, mgongo wima. Uzito wote wa meza tatu na watu wawili ukamshukia. Akashuka nao kidogo, kisha akasimama papo hapo. Uzito ule haukwenda popote.

Juu yake mguu mmoja wa Keung ulikuwa hewani. Mdogo wake alikuwa amemkamata mkanda. Siu Ling aliona. Ngoma ikakatika.

Uwanja mzima ukanyamaza.

Katika kimya kile, bega limegandamana na mbao, Kalista alihisi kitu. Mguu mmoja, juu kabisa, unatafuta mahali pa kukanyaga. Tap. Na baada yake tu, ngoma: du. Mguu ukasogea. Tap. Ngoma: du. Polepole, kama moyo wa mtu anayezinduka. Mguu kwanza, ngoma baadaye. Mguu kwanza, ngoma baadaye.

Basi akaelewa. Alikuwa anajiuliza siku zote simba ataisikiaje ngoma, na tajiri alijiuliza hivyohivyo. Simba hakuwa anaisikiliza ngoma hata kidogo. Ngoma ndiyo iliyokuwa inamfuata simba. Yule binti mshona vifungo alikuwa ameyakaza macho yake kwenye kitambaa chekundu, na kila alichokiona alikigeuza kuwa sauti ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia, akawapa watu wenye masikio.

Tap, du. Tap, du. Tap-tap, du-du. Simba akasimama wima. Ngoma ikapanda, ikapanda, ikawa radi. Simba akaruka, akaing'oa ile saladi, akaitafuna, akatema majani yakawanyeshea watu, na majani mengi zaidi yakamwangukia laoban Tam kwenye suti. Watu walilipuka kwa shangwe. Walidhani kuyumba kule kulikuwa sehemu ya mchezo.

Wabeba mizigo walikuja kuishika meza. Kalista alipoachia hakuweza kukunjua magoti, ikabidi Haidar amvute.

"Dada, wallahi umeinua nyumba," alisema.

Kalista alikuwa anamtazama Siu Ling, aliyeweka fimbo chini na kujifuta uso kwa mkono, kama mtu aliyemaliza kufua nguo. Pembeni yake Bibi Leung alisimama bila kupiga makofi, machozi yakimshuka tu.

Tam hakuomba radhi. Lakini wiki iliyofuata maombi ya kucheza simba yalimiminika, kutoka maduka, harusi, hata mgahawa mmoja wa hoteli kubwa. Bibi Leung aliyakataa karibu yote. Asubuhi ni za mazoezi, alisema, na shule ikianza kuzunguka na sherehe, nani atawafundisha walio wapya?

Suruali zilikamilika. Mzigo ukapelekwa bandarini Huangpu. Jumapili ya mwisho Kalista alimkuta Bibi Leung ngazini, amevaa viatu vya kutembelea.

"Jumapili huwa anakwenda kutafuta wanafunzi," Haidar alieleza. "Miaka kumi na saba sasa. Anasema wakaao gizani hawaji wenyewe. Anakukaribisha."

Walitembea vichochoro vya pembezoni mwa mji, nyumba kwa nyumba. Kila mlango swali lilikuwa moja: hapa kuna mtu asiyesikia? Hapana. Hapana. Wengine walifunga mlango kabla swali halijaisha. Bibi alishukuru, akaenda mlango unaofuata, kwa uso uleule. Mchana ulikuwa umeshapita walipofika kwa mama mmoja mzee aliyeuza mkaa wa kufinyangwa. Naye akasema hapana. Lakini macho yake yalikwenda kwenye pazia la ndani, na Bibi Leung akaomba maji ya kunywa, akakaa kwenye kigoda kama mtu asiye na haraka ya duniani.

Walikaa karibu saa nzima. Kisha pazia likasogea, akatoka mwanamume wa miaka arobaini hivi, mikono myeusi kwa mkaa, na kovu lililokata unyusi wa kushoto. Alipoona wageni akarudi nyuma nusu hatua.

"Anaitwa nani?" Bibi aliuliza.

"Bubu," mama alisema. Kisha akaona aibu, akafikiri kidogo. "Wai Man. Lakini yeye mwenyewe hajui. Atajuaje?"

Bibi Leung aliinuka. Akamwendea yule mtu mpaka wakawa wanatazamana. Akamwelekezea kidole kifuani, kisha akapitisha kidole hichohicho juu ya unyusi wake mwenyewe, pale kovu lingekuwa. Akarudia. Wewe: unyusi. Wewe: unyusi.

Mwanamume alimtazama muda mrefu. Akaugusa unyusi wake. Akajigusa kifua. Uso wake ukaanza kufunguka polepole, na Kalista akashika mkono wa Haidar kwa nguvu bila kujua. Mwanamume akajigusa kifua tena, akagusa kovu, haraka zaidi. Akamgeukia mama yake, akafanya vilevile. Akamgeukia Kalista, akafanya. Akamgeukia Haidar. Hakutaka kuacha.

"Ana nini?" mama aliuliza kwa hofu. "Anasema nini?"

"Anasema jina lake," Bibi Leung alijibu.

Mama yule aliweka koleo chini. Akajifuta mkaa mkononi, akainua kidole, akakipitisha juu ya unyusi wake, akimtazama mwanawe.